Maswali ya Wasomaji: Kulala Hemani Kando ya Ziwa

Katika toleo lililopita tulichapisha picha moja ya ufukwe wa Matema, Ziwa Nyasa, na chini yake tukaandika maneno machache tu. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zinauliza jambo lilelile: mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka kupiga hema kando ya maji pamoja na familia yake au wenzake aanzie wapi, amwombe nani ruhusa, na ajihadhari na nini. Nimechagua barua tano. Sikuzijibu kwa urefu ulio sawa, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na mitatu, na ninaishi Kihesa, Iringa. Mdogo wangu anayeishi katika jimbo la Michigan, Marekani, alitutumia picha za familia yake wakiwa katika hifadhi ya jimbo iliyo ufukweni mwa ziwa. Kila familia ilikuwa na eneo lake lenye namba, meza ya mbao, mahali pa kuwashia moto palipozungushiwa chuma, bomba la maji na vyoo visafi. Tangu siku hiyo watoto wangu hawana wimbo mwingine. Je, kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna mahali kama pale? Kama hapapo, nifanyeje ili watoto walale hemani kando ya ziwa angalau mara moja, na twende mwezi gani?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na zile picha, kwa sababu zina jambo ambalo kamera haikulinasa. Hifadhi za jimbo ni mali ya serikali ya jimbo, si ya serikali kuu ya Marekani. Michigan iliunda tume ya hifadhi zake mwaka 1919, na kwa kuwa jimbo hilo limepakana na Maziwa Makuu, nyingi ya hifadhi hizo ziko ufukweni. Nafasi ya hema huombwa mapema, hata miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo mdogo wako hakuamka tu Jumamosi asubuhi akaenda. Hata kuni zina sharti lake: wageni huhimizwa kununua kuni karibu na hifadhi badala ya kuzibeba kutoka mbali, kwa sababu mbawakawa mmoja wa kijani aliyetoka Asia, ambaye aligunduliwa Michigan mwaka 2002, husafiri akiwa ndani ya magogo na ameshaua mamilioni ya miti. Meza na bomba vinaonekana pichani, lakini utaratibu huo hauonekani, nao ndio unaoshikilia vyote.

Kwetu hatuna ngazi hiyo ya hifadhi ya jimbo. Hifadhi za taifa ziko chini ya TANAPA, misitu ya hifadhi ya serikali kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, na sehemu kubwa ya ufukwe wa Ziwa Nyasa upande wetu ni ardhi ya vijiji, ambayo husimamiwa na halmashauri za vijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Zipo hifadhi za taifa zenye ziwa, kama Rubondo na Saanane zilizo ndani ya Ziwa Victoria, au Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, lakini kutoka Iringa huko ni mbali kwa safari ya watoto ya siku chache. Katika Nyasa yenyewe iko hifadhi ya taifa upande wa Malawi, eneo la Cape Maclear, iliyoanzishwa mwaka 1980 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984 kwa ajili ya samaki wake. Maana yake kwako ni kwamba utakapofika Matema hutakuta lango, wala askari wa hifadhi, wala ubao wenye masharti. Utakuta kijiji chenye watu na shughuli zao, nawe utakuwa mgeni wao, na masharti yao utayajua kwa kuuliza.

Hata hivyo ninakushauri uende Matema, na ninakushauri kwa moyo wote. Ziwa Nyasa lina urefu unaokaribia kilomita 580, na Matema iko kwenye pembe yake ya kaskazini-mashariki, mahali ambapo Milima ya Livingstone husimama kama ukuta juu ya maji. Mtoto aliyekulia kwenye baridi ya Iringa atafungua hema alfajiri aone mlima umeingia ziwani, na mitumbwi ya wavuvi inarudi. Hakuna meza ya mbao itakayomfanya aukumbuke ufukwe kuliko hilo.

Kwa mara ya kwanza, na ukiwa na watoto, usipige hema ufukwe wa wazi. Zipo nyumba za wageni zilizo ufukweni kabisa, zikiwamo za kanisa la Kilutheri, na jambo la kufanya ni kupiga simu kabla ya safari na kuuliza kama wanapokea wageni wenye hema katika viwanja vyao na kwa malipo gani. Humo utapata choo, maji ya bomba au ya kisima, na mlinzi wa usiku, na hivyo vitatu ndivyo vinavyomwezesha mama kulala usingizi. Siku utakapotaka ufukwe wa wazi, nenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji, jitambulishe, eleza mko wangapi na mtakaa siku ngapi. Kisha zungumza na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha ufukwe huo, kinachofahamika kwa kifupi BMU, kwa sababu wao ndio wanaojua mahali mitumbwi inapovutwa, mahali nyavu zinapoanikwa, na mahali ambapo mgeni hatamzuia mtu kazi yake.

Kuhusu mwezi, watu wengi hujibu upesi kwamba ni kiangazi, kuanzia Juni. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Wilaya za Rungwe na Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, na kuanzia Novemba hadi Mei kulala hemani huko ni kulala kwenye maji; Machi na Aprili ndiyo kabisa msiende. Lakini kuanzia Mei hadi Agosti huvuma upepo wa kusini ambao watu wa Nyasa huuita mwera. Upepo huo hupita juu ya mamia ya kilomita za maji bila kizuizi, kwa hiyo mawimbi huwa yameshakua makubwa yanapofika huku kaskazini, na kuna siku ziwa hufanana na bahari iliyochafuka. Mimi mwenyewe nilipokwenda mara ya kwanza, mwezi wa Julai, nguzo ya hema ilivunjika usiku wa kwanza, tukamalizia usiku ndani ya gari na watoto wakilia. Tangu hapo huchagua Septemba na Oktoba. Joto huwa kali, hilo sikufichi, lakini maji hutulia, na jioni kuna utulivu ambao sijauona katika mwezi mwingine.

Upepo huo ndio unaoamua pia namna ya kusimamisha hema. Vigingi vinavyouzwa pamoja na hema vimetengenezwa kwa ardhi ngumu. Mchangani hung'oka kwa mvuto wa kwanza. Beba viroba vitupu vinane au kumi, vijaze mchanga hukohuko, funga kamba za hema kwenye viroba hivyo na uvifukie kina cha mkono hadi kwenye kiwiko. Elekeza mlango mbali na kusini. Angalia pia mstari wa takataka za maji unaoonyesha wimbi lilifika wapi, na upige hema juu yake kwa hatua nyingi, kwa kuwa usawa wa ziwa hili hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita moja ndani ya mwaka, na wimbi la usiku halifuati alama ya mchana. Usikae chini ya mnazi au mwembe wenye matunda. Na usilale karibu na mdomo wa mto, iwe Mbaka, Lufilyo au mwingine wowote, hata kama nyasi zake zinavutia na maji yake yanaonekana matamu. Midomo ya mito ndiyo makao ya mamba, na viboko hupanda huko usiku kutafuta majani.

Safari yenyewe mnaweza kuigawa. Laleni Mbeya au Tukuyu, kisha mteremke asubuhi kupitia Uyole, Isongole, Kiwira na Tukuyu, mkaache barabara ya Kyela pale Kikusya na kushika ile ya Ipinda hadi Matema. Njiani mtaanza na makoti kwenye baridi ya Isongole, mpite kwenye chai na migomba ya Rungwe, na mwisho mwingie katika mipunga na mikakao ya Kyela mkiwa mmeshavua kila kitu cha sufu, kwa sababu mtakuwa mmeshuka zaidi ya mita elfu moja na mia tano na ziwa liko chini ya mita mia tano juu ya usawa wa bahari. Mteremko huo una maana ya kiafya. Watoto wa Iringa mjini hawajazoea mbu wa Kyela. Hema kuwa na wavu mlangoni hakutoshi, kwa sababu mlango hufunguliwa mara hamsini kwa jioni moja; tundikeni chandarua chenye dawa ndani ya hema, vaeni mikono mirefu jua linapozama, na mtoto akipata homa wakati wowote ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, mpelekeni kupima malaria siku hiyohiyo na mwelezeni mganga kwamba mlikuwa Kyela.

Chakula kitakuwa jambo jepesi kuliko yote. Mchele wa Kyela mnaujua hata huko Iringa. Usipa, yaani dagaa wa Nyasa, hupatikana wabichi na wakavu, na mkibahatika mtampata mbasa, samaki ambaye hupanda mito mvua zinapoanza ili atage mayai, na ambaye kwa sababu hiyo huvuliwa kwa urahisi mno. Nunueni kwa mvuvi anayetumia nyavu halali na mwacheni yule mwenye kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni. Pikieni jiko la gesi. Kama watoto lazima waote moto, nunueni kuni kijijini na msikate hata tawi. Jambo moja nasisitiza kwa sababu nimeona mtoto akiungua unyayo: msifukie makaa kwa mchanga mkadhani yamezimika. Mchanga huyahifadhi yakiwa na moto hadi asubuhi, wakati watoto wanapoamka na kukimbia pekupeku. Mwageni maji, koroga, mwageni tena, mpaka mkono uweze kugusa majivu.

Mkiwa huko, msikose Ikombe. Ni kijiji cha Wakisi kilicho mashariki ya Matema, chini ya milima, na wanawake wake hufinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu, kazi ambayo imesambaa katika masoko ya mikoa yetu kiasi kwamba huenda chungu chako cha maharage kilitoka huko. Soko la vyungu la Lyulilo hufanyika Jumamosi. Mkienda kwa mtumbwi au boti, kila mtoto avae jaketi la kujiokolea, hata kama nahodha atasema maji yametulia, kwa sababu upande ule milima huingia ziwani ghafla na kina huwa kirefu hatua chache tu kutoka kwenye mawe. Ziwa hili hufikia kina cha mita mia saba hivi mahali penye kina kirefu zaidi. Nahodha asipokuwa na majaketi, tembeeni kwa miguu.

SWALI: Mimi ni kiongozi wa vijana wa mtaa wetu hapa Forest, Mbeya. Tuko ishirini na wawili na tunataka kulala usiku mmoja Ziwa Ngosi, chini kabisa kwenye maji, badala ya kupanda na kushuka siku hiyohiyo kama watu wengi. Tunahitaji kibali gani?

JIBU: Ndugu kiongozi, kibali mtakiomba TFS, kwa kuwa Ngosi iko ndani ya msitu wa hifadhi, na malipo ya serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba na si kwa kumpa mtu fedha mkononi njiani. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya jibu langu. Sehemu ngumu ni kwamba ninawaomba msilale chini kwenye maji.

Ngosi ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano katika milima ya Uporoto. Ukingo wake wa juu unafikia mita 2,620 hivi, na kutoka ukingoni hadi majini ni mteremko mkali wa mizizi na udongo unaoteleza, ambao ukinyeshewa mvua hata mchana humshinda mtu mwenye viatu vizuri. Mkiwa vijana ishirini na wawili na mmoja akateguka mguu saa nne usiku, mtampandishaje? Pili, maji ya Ngosi yana chumvi na hayafai kunywa, kwa hiyo kila tone mtakalotumia itabidi mlishushe mgongoni. Tatu, na hili watu wachache hulifikiria, katika ukanda huu wa volkano gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini. Rungwe kuna mahali inakovunwa kwa ajili ya viwanda, na maji ya Ngosi yenyewe huitoa. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na usiku usio na upepo hutuama mabondeni na mashimoni. Mchana, upepo unapochanganya hewa, mgeni hupita salama. Kulala usingizi chini ya shimo la volkano ni jambo jingine, na mimi sitawapa vijana wa watu ushauri huo.

Fanyeni hivi: fikeni kijiji kilicho karibu na njia ya Ngosi mapema, chukueni mwongoza njia wa hapo, pandeni asubuhi, kaeni ukingoni muda mrefu mtakavyo, kwa sababu kuliona ziwa lile kijani kibichi likitokea ukungu unapofunguka ndiyo zawadi yenyewe, kisha mshuke mlale kambi ya nje ya msitu kwa makubaliano na wenyeji. Kama kinachowavuta ni kulala juu mlimani hasa, ombeni Kitulo. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya mia nne, na mkienda kati ya Desemba na Aprili mtayakuta maua yaliyoifanya iitwe Bustani ya Mungu. Wakati huo mvua ipo, kwa hiyo hema liwe na turubai la juu. Mkienda Juni au Julai jiandaeni kwa umande unaoganda. Blanketi moja la shuleni halitatosha.

SWALI: Mimi ni baba wa familia hapa Tukuyu. Kila mwaka tunashuka ziwani na watoto wanaogelea kutwa nzima. Mwaka huu mwalimu mmoja amenitisha kuhusu kichocho. Wengine wananiambia Matema haina kichocho kwa sababu ina mawimbi. Ukweli ni upi?

JIBU: Mwalimu hakukosea kukutahadharisha, na hao wengine wameshika kipande cha ukweli. Minyoo ya kichocho hukulia ndani ya konokono wa majini, na konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, hasa yanapopokea mkojo wa watu. Ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo kuliko ghuba iliyotulia au kijito kinachoingia ziwani. Lakini ndogo si sawa na kutokuwapo. Upande wa Malawi, pale Cape Maclear, wanasayansi waliona kwamba maambukizi yaliongezeka hata kwenye fukwe za wazi zenye mchanga baada ya samaki wanaokula konokono kuvuliwa kupita kiasi karibu na ufukwe. Kwa hiyo yule mvuvi wa kokoro niliyemtaja juu hamdhulumu mvuvi mwenzake tu. Anafungua pia njia ya ugonjwa kwa watoto wako.

Sitakuambia uwazuie watoto kuogelea, kwa sababu najua hutawazuia, na mimi sikuwazuia wangu. Nitakuambia namna ya kupunguza hatari. Waogelee asubuhi mapema, kwa kuwa vijidudu vinavyotoka kwenye konokono huwa vingi zaidi jua linapokuwa kali, kuelekea saa sita mchana. Waingie mahali pa mchanga safi, mbali na majani, mbali na kijito, na mbali na mahali watu wanapojisaidia. Kujifuta kwa taulo haraka ni vizuri, lakini usitegemee taulo kama kinga. Maji ya kunywa yachemshwe.

Kisha, na hapa ndipo wazazi wengi hukosea, usikimbilie dawa siku mnayorudi. Prazikwanteli, dawa inayotibu kichocho, huua minyoo iliyokomaa, na ile michanga huiacha. Ukimpa mtoto mapema mno utadhani umemtibu kumbe ugonjwa unaendelea kukua. Subiri wiki sita hadi nane baada ya kuogelea, kisha wapeleke kituo cha afya wakapimwe, na dawa watapewa kwa uzito wa kila mmoja. Mtoto akionyesha damu kwenye mkojo, usisubiri tarehe yoyote. Vijana wa kiume huona aibu kusema jambo hilo, na wasichana huchanganya na mambo mengine ya mwili, kwa hiyo waeleze wote kabla ya safari, wazi, bila kuzunguka.

SWALI: Niko Pawaga, Iringa. Mbona mnazungumzia Nyasa tu? Bwawa la Mtera liko karibu nasi. Je, tunaweza kupiga hema kule?

JIBU: Ndugu wa Pawaga, Mtera ni bwawa la kuzalisha umeme kwenye Mto Ruaha Mkuu, na lina viboko na mamba. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi kwa njia ileile, na hema lililosimama kwenye njia hiyo kwake ni kizuizi. Nendeni mchana, mle samaki wa Mtera ambao sifa yao ni ya haki, mpige picha machweo, kisha mkalale penye kuta.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Matema. Naandika kwa niaba ya majirani kadhaa. Tunawapenda wageni, na wageni hutuletea fedha, lakini siku za sikukuu hali imekuwa mbaya. Wanapiga hema juu ya mahali tunapoanikia usipa. Wanaacha chupa za plastiki na vigae vya chupa za bia ambavyo watoto wetu huvikanyaga. Wanawapiga picha wanawake wetu wakiwa wanaoga au wanafua. Wanacheza muziki hadi alfajiri, wakati wavuvi wanarudi na wanataka kulala. Tukisema, wanatujibu kwamba ziwa ni la wote. Tufanye nini?

JIBU: Ndugu yangu wa Matema, barua yako niliisoma mara tatu, na nimeiweka mwisho ili kila aliyesoma majibu ya juu aipitie kabla ya kufunga mizigo yake.

Ni kweli kwamba ziwa ni la wote, lakini anayekujibu hivyo anasahau kwamba usipa walioanikwa pale ni karo ya mtoto fulani. Mvuvi wa usipa hufanya kazi usiku, kwa taa zinazowavuta samaki, akirudi alfajiri akiwa amelowa na amechoka. Saa ambayo mgeni anaona ni ya kupumzika ndiyo saa ya kazi ya mwenyeji, na saa ya mwenyeji kupumzika ndiyo mgeni anaanza kuamsha shangwe. Sitarajii mgeni wa Mbeya au Dar es Salaam alijue hilo kwa kuzaliwa. Natarajia aulize.

Sheria iko upande wenu katika mambo kadhaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, katika kifungu cha 57, shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa. Hema la usiku mmoja si shughuli ya kudumu, lakini mtu anayechimba choo cha shimo hatua kumi kutoka majini, au anayejenga baa ya mabanzi mchangani, hana pa kusimama. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo atakayeshuka nayo anavunja sheria kabla hata hajaitupa. Kuhusu picha za wanawake wanaooga, hiyo si burudani bali ni kuwavunjia watu heshima, na mwenyekiti wa kitongoji anaweza kumtaka mtu aifute, na kulifikisha jambo hilo polisi akikaidi.

Lakini polisi hawawezi kukesha ufukweni. Nguvu yenu kubwa ni sheria ndogo za kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri za vijiji kutunga sheria ndogo, ambazo hujadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji na kupitishwa na halmashauri ya wilaya. Mnaweza kutenga sehemu moja ya ufukwe iwe ya mahema na kuziacha sehemu nyingine ziwe za mitumbwi na za kuanikia. Kuweka ada ndogo inayolipwa kwa risiti katika ofisi ya kijiji. Kutumia sehemu ya ada hiyo kujenga choo na kumlipa kijana wa kuzoa taka. Kupanga saa ambayo muziki hunyamaza. Na kuwataka wageni waondoke na chupa zao zote. Mambo haya ndiyo yaleyale yaliyomvutia mama wa Kihesa katika picha za Michigan. Yalianza kwa watu kukaa kikaoni na kukubaliana.

Andikeni rasimu fupi, ya ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo mgeni ataielewa akiwa bado kwenye gari. Iwekeni penye barabara ya kuingilia kijijini na katika kila nyumba ya wageni. Mkishaipitisha, nitumieni nakala, nami nitaichapisha yote katika safu hii kabla ya Krismasi, juu kabisa, mahali ambapo toleo lililopita tuliweka picha.